Neno gumu la Kiingereza: ulisome kwenye kamusi ya Kiswahili, kamusi ya Kiingereza tupu, Google Tafsiri, AI au kadi za kukariri za kwenye simu? Nimelinganisha kwa neno moja, "mitigate"

Wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wanaoandika tasnifu, na wale walioanza kazi kwenye mashirika ambako kila ripoti ni Kiingereza wanauliza swali lilelile, nikikutana na neno gumu nilisome wapi? Ukiwajibu "popote tu, vyote vinasaidia" hujawasaidia chochote, maana mtu ana simu moja, bando dogo na muda mchache. Kwa hiyo hapa nimechukua neno moja tu, mitigate, na nalipitisha kwenye kila chombo tuone kipi kinakupa nini na kipi kinakuacha njiani.

Mbona mitigate? Kwa sababu ukifanya kazi za ofisini Afrika Mashariki hulikwepi. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa kwa wasimamizi wa mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, ina sehemu yake ya mitigation measures, yaani hatua za kupunguza athari. Mahakamani, mshtakiwa akishatiwa hatiani anapewa nafasi ya kueleza kwa nini apunguziwe adhabu, ni kosa lake la kwanza, ana wazazi wagonjwa, ana watoto wanaomtegemea, hiyo nayo kwa Kiingereza ni mitigation. Kwenye sheria ya mikataba aliyevunjiwa mkataba anatakiwa achukue hatua za maana kupunguza hasara yake, sio akae tu aiache iongezeke aje kudai yote. Na ukigusa tabianchi ndo usiseme, jopo la kimataifa la IPCC lina kikundi kizima, cha tatu, kazi yake ni mitigation.

Kwanza tukubaliane, kulijua neno hili ni kujua nini

Maana yenyewe ni fupi, kupunguza ukali, uzito au madhara ya kitu kibaya. Hapo neno la kushika ni KIBAYA. Unaweza ku-mitigate hatari, athari, madhara, hasara, makali ya ukame. Huwezi kusema "mitigate the price" hata kama Kiswahili tunasema kupunguza bei bila shida yoyote, wala "mitigate my weight", wala "mitigate the salt". Punguza yetu ni pana sana, inabeba bei, chumvi, mwendo, uzito, wafanyakazi, sauti ya redio, vyote, mitigate haibebi hivyo. Na mtu haumitigate, unamitigate kinachompata.

Halafu ana jirani zake. Alleviate naye anapunguza, ila yeye anakaa zaidi na maumivu, mateso na umaskini, vitu ambavyo mtu tayari anavisikia mwilini au maishani. Mitigate anaweza kufanya kazi kabla jambo halijatokea, ndo maana "mitigate the risk" ni kawaida kabisa ila "alleviate the risk" inakwaruza sikio. Reduce ndo karibu zaidi na punguza yetu, haina ukali wala upole. Angalia MKUKUTA, kile kifupi cha Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, kwa Kiingereza waliandika "Reduction of Poverty", wakachagua reduction. Kiswahili ni kupunguza tu, Kiingereza unatakiwa uchague.

Kuna mtego wa militate. Utakuta mtu kaandika "this mitigates against development", na sio wanafunzi wetu peke yao, hata Waingereza na Wamarekani wenyewe wanaliandika hivyo mara nyingi. Anachotaka kusema ni militates against, yaani inakwamisha, inafanya kazi dhidi ya. Haya maneno hayana undugu, mitigate asili yake ni Kilatini mitis, laini au pole, na militate imetoka kwenye kutumika kama askari. Ukijua hilo huchanganyi tena, moja inalainisha na nyingine inapigana.

Matumizi ya fani nayo yanatofautiana. Kwenye tabianchi mitigation imebanwa, ni kupunguza gesi joto zinazotoka au kuongeza kinachozinyonya kama misitu. Ukuta wa bahari ule wa Barabara ya Barack Obama pale Dar hauhesabiwi mitigation, unahesabiwa adaptation, kuhimili, ingawa kwa Kiswahili cha kawaida ungesema ukuta "unapunguza athari za mawimbi" na usingekosea. Kwenye ripoti ya mazingira ya kiwanda au barabara, hatua yoyote ya kupunguza madhara ya mradi inaitwa mitigation. Neno lilelile, fani mbili, na ukichanganya kwenye andiko la kuomba fedha wanaolisoma wataona hujui fani.

Vingine nivipitie haraka. Ni neno rasmi, huliandiki kwenye meseji kwa rafiki. Mkazo uko mwanzoni, MI-ti-geit, wakati ulimi wetu wa Kiswahili unapenda kukaza silabi ya pili toka mwisho na ndo maana wengi tunasema mi-ti-GEI-ti. Na "an unmitigated disaster" maana yake ni balaa tupu, balaa kamili lisilo na nafuu hata kidogo.

Haya, sasa tuvione vyombo.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili

Ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza 1996 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo wengi tumekulia nayo, na ile ya zamani ya Johnson ya 1939 bado ipo kwenye baadhi ya maktaba. Ukilitafuta neno kama letu kwenye kamusi za namna hii unapewa vitenzi viwili vitatu, punguza, tuliza, poza, na unaendelea na safari. Kwa mtu anayesoma gazeti au hukumu na anataka kuelewa sentensi, hiyo inatosha kabisa na ni haraka kuliko chombo kingine chochote cha karatasi. Nazipenda hizi kamusi na nadhani kila nyumba yenye mwanafunzi inafaa iwe nayo, kwanza kwa sababu zinakuza Kiswahili chako pia, unajua "poza" inaweza kufanya kazi ambayo ulikuwa unamwachia "punguza" peke yake.

Ila ukitoka kwenye kusoma ukaingia kwenye kuandika, hapo inakuacha. Ukishajua tu kwamba mitigate ni punguza, hakuna kinachokuzuia kuandika "mitigate the price". Kamusi haijakuambia kitu gani kinapunguzwa na kwa kiwango gani cha urasmi, na kwa ukubwa wake haikuahidi kukuambia. Kazi yake ni kukuvusha kwenye maana, basi.

Google Tafsiri

Kiswahili kiliingia humo 2009 na toka hapo imeboreka sana, anayekumbuka tafsiri zake za mwanzo anajua. Nguvu yake iko kwenye sentensi nzima, sio neno moja. Ukiweka neno tupu unapata kitu kilekile cha kamusi ndogo, ukiweka sentensi nzima ya mkataba unapata wazo la mkataba unasemaje. Ina sauti pia, unaweza kusikia mkazo uko wapi, na unaweza kupakua lugha ukaitumia bila bando, hiyo ni faida kubwa kwa aliyeko mbali na mtandao mzuri.

Usiitumie kinyume. Namaanisha usiandike Kiswahili "kupunguza" ukitegemea ikuchagulie kati ya reduce, mitigate, alleviate, ease, lessen, cut, decrease. Itachagua lolote lenye nafasi kubwa, na mara nyingi ni reduce, na wewe ulikuwa unataka neno la daraja la juu. Yaani kwa kujifunza neno kama letu Google Tafsiri ni ya mwisho kwangu, kwa kuelewa barua iliyokuja sasa hivi ni ya kwanza.

Kamusi za Kiingereza zilizotungwa kwa ajili ya sisi tunaojifunza

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye mali, na ndo watu wengi wanaporuka. Wanaogopa kwamba kamusi ya Kiingereza tupu ni ya Waingereza. Kuna zilizotungwa kwa ajili ya Waingereza kweli, ila hizi za wanaojifunza ni kitu kingine kabisa.

Historia yake yenyewe inakuonyesha. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, akaona wanafunzi wanajua maana za maneno ila hawajui neno linasimamaje ndani ya sentensi, yeye na wenzake wakaandika kamusi ya kutatua tatizo hilo hilo, ikachapwa Tokyo 1942, na Oxford wakaichapa 1948. Hiyo ndo baba wa Oxford Advanced Learner's ya leo. Kwa hiyo tatizo letu la "mitigate the price" lilishafikiriwa na mtu zamani sana.

Kwenye kamusi za aina hii mitigate inakuja na alama ya kuonyesha ni neno rasmi, maana iliyoandikwa kwa maneno mepesi, inakwambia moja kwa moja kwamba kinachopunguzwa ni ubaya, madhara au uzito wa jambo, na inakupa mifano. Zaidi inakupa familia yake, mitigation, na ule msemo wa mitigating circumstances ambao ukisoma habari za mahakama lazima ukutane nao. Na mtandaoni unabonyeza unasikia matamshi, ya Uingereza na ya Marekani, bure.

Sasa kati yao wenyewe. Longman ilitoka 1978 na ilijiwekea sheria ya kueleza maneno yote kwa kutumia maneno kama 2,000 tu ya kawaida, kwa hiyo hutafuti maana ya neno halafu ukajikuta unatafuta maana ya maneno mengine manne yaliyotumika kulieleza, kero ambayo imewakatisha tamaa watu wengi sana. COBUILD ya Collins ilitoka 1987, kazi ya John Sinclair na timu yake Chuo Kikuu cha Birmingham, na yenyewe inaeleza kwa sentensi kamili, ukisoma maelezo tu tayari umeona neno linakaaje, kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinamsumbua ningemwambia aanze na hii. Oxford nayo ni imara kwenye familia za maneno. Cambridge ukiandika neno kwenye simu inafunguka fasta na maelezo yake ni mafupi. Kama unanilazimisha nichague moja, nachagua Longman, kwa sababu ya yale maneno 2,000 na jinsi inavyokuonyesha maneno yanayopenda kutembea pamoja. Ila tofauti kati ya hizi nne ni ndogo, tofauti kubwa ni kati ya hizi nne na vingine vyote.

Merriam-Webster niiseme hapa pembeni. Ni kamusi kubwa ya Wamarekani wenyewe, nzuri kwa historia ya neno na kwa maelezo marefu ya ugomvi kama huu wa mitigate na militate, ila maana zake wakati mwingine zinaelezwa kwa maneno magumu kuliko neno lenyewe. Nenda huko ukishalielewa neno, sio kabla. Wana ya wanaojifunza pia, hiyo iko upande wa zile nne.

Hizi AI

ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 watu wakaanza kuacha kamusi kabisa, na naelewa kwa nini. Unaiuliza kwa Kiswahili, inajibu kwa Kiswahili, haichoki, unaweza kuiambia nipe mifano ya kilimo, nipe ya hospitali, nipe ya mkataba wa kupangisha nyumba, hakuna kamusi duniani itakufanyia hivyo. Kwa mtu aliyekuwa anaona aibu kuuliza darasani hii ni neema.

Lakini inategemea umeulizaje. Ukiuliza "mitigate maana yake nini" umepata kamusi ya kawaida yenye maneno mengi. Uliza hivi: "naweza kusema mitigate the price? kwa nini?", au andika sentensi zako tatu uiambie irekebishe na ieleze kila rekebisho. Hapo ndo inakuwa mwalimu. Angalizo ni kwamba inajibu kwa kujiamini hata inapokosea, asili ya neno inaweza kubuni, na ukiishikilia kwamba sentensi yako ni sahihi kuna wakati inakukubalia tu. Mifano yake imetungwa palepale, haijatoka kwa mtu aliyeandika ripoti ya kweli. Kwa hiyo iweke baada ya kamusi, isiwe badala yake.

Kumbukumbu za matini, kama COCA

Hiki wengi hawakijui na kwa anayeandika tasnifu au anayehariri kazi za watu ni dhahabu. COCA ni mkusanyiko wa Kiingereza cha Marekani, maneno zaidi ya bilioni 1, kuanzia 1990 mpaka 2019, uliojengwa na Mark Davies. Unaandika mitigate unauliza nomino zipi zinaifuata, unaletewa matumizi ya watu wa kweli, effects, risk, impact, damage, unaona kwa macho yako. Price utaisubiri sana. Unaweza kuweka "mitigate against" na "militate against" ukaona zote mbili zinavyotumika, kwenye magazeti, kwenye maandishi ya kitaaluma, kwenye mazungumzo.

Ubaya wake, lazima ujisajili, akaunti ya bure ina kikomo cha kutafuta kwa siku, na kwenye simu ndogo ni mateso. Mwanafunzi wa sekondari asijisumbue nayo.

Kadi za kukariri

Programu ya Anki ndo maarufu, bure kwenye kompyuta na Android, kwenye iPhone unalipia. Inafanya kazi kwa kukurudishia neno kabla hujalisahau kabisa, leo, kesho kutwa, wiki ijayo, mwezi ujao. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaandika kuhusu jinsi tunavyosahau tangu 1885, kwa hiyo msingi wake ni wa zamani na ni imara.

Tatizo ni kadi tunazotengeneza. Upande mmoja mitigate, upande wa pili punguza, unakariri mia tano za hivyo halafu siku ya kuandika hujui uiweke wapi hata moja. Kadi nzuri ina pengo: "Mangroves can ______ the effects of storms on the coast", mikoko inapunguza athari za dhoruba pwani, na nyuma yake neno, na chini kidogo rasmi, kitu kibaya, mkazo MI. Kadi kumi za hivi zinakufaa kuliko zile mia tano. Na Anki haikufundishi neno, inakutunzia ulichojifunza kwingine, mtu anayepakua kadi elfu tatu za GRE, mtihani wa kuombea uzamili Marekani, zilizotengenezwa na mtu mwingine bila kufungua kamusi anatunza kitu ambacho hana.

Sasa wewe uchague nini

Kama shida yako ni kuelewa unachosoma, barua, habari, maelekezo ya dawa, tumia kamusi ya Kiswahili au Google Tafsiri na usijione mvivu, maneno mengi magumu unayokutana nayo hutakuja kuyaandika maisha yako yote na huna sababu ya kuyachimba.

Kama unaandika, kamusi ya wanaojifunza kwanza, dakika tano, soma mifano yote, halafu tunga sentensi tatu za kazi yako mwenyewe uipe AI ikague. Huo ndo mchanganyiko ninaoutetea kwa mtu wa ofisini na mwanafunzi wa chuo. Wa uzamili aongeze COCA pale anapobishana na msimamizi wake kuhusu neno.

Kwa IELTS nisisitize kitu. Msamiati ni robo ya alama kwenye kuandika na robo kwenye kuongea, na ukisoma vigezo vyao vya bendi ya 7 wanataka maneno yasiyo ya kawaida yaende na ufahamu wa mtindo na wa maneno yanayokaa pamoja. Yaani mitigate iliyokaa vibaya haikuongezei chochote, reduce iliyokaa vizuri ni bora kuliko hiyo. Kwa hiyo usifukuzane na orodha za maneno elfu moja ya kishua zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, chukua machache yanayohusu mada zinazorudi rudi, mazingira, afya, elimu, miji, uyasome kwenye kamusi moja nzuri, uyatie kwenye kadi zenye pengo.

Na kwa mzazi anayetaka kumnunulia mtoto wa kidato cha tatu au nne ambaye hana simu wala bando, nunua ya karatasi, na sio lazima iwe mpya, toleo la miaka kumi na tano nyuma linamtosha maana maneno ya aina hii hayabadiliki haraka. Ukiwa pale kwa wauza vitabu vya mitumba usiangalie jalada wala unene, fungua herufi M, tafuta mitigate. Ukikuta imeandikwa ni rasmi, ina sentensi ya mfano na mitigating circumstances imetajwa, lipia. Ukikuta mstari mmoja tu wa visawe, irudishe uombe nyingine.